Kwa nini Wanafunzi wa Ujenzi Wanasafiri?



Wengi wanatuuliza sisi wa darasa la sita: mtu anayejifunza kuchora plani za nyumba, kwa nini aende mbali kuangalia nyumba za wengine? Picha ya kitabuni haitoshi?

Haitoshi. Picha haionyeshi joto, wala upepo unapita wapi, wala maji ya mvua yanaenda wapi. Ndiyo sababu Ufaransa, mpaka mwaka 1968, ilikuwa ikituma Roma mwanafunzi aliyeshinda mashindano ya usanifu wa majengo. Kule alipima majengo ya kale na kuyachora upya.

Lakini si Ulaya peke yake. Beda Amuli, Mtanzania, alisomea Haifa, Israeli. Aliporudi alichora Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa alilipanga kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, ikinge mvua na kuteremsha maji hadi matangi ya chini.

Na sisi je? Aprili 2020 Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilifurika. Watu walikufa, nyumba maelfu zikabomoka. Basi tuanzie hapa Kavimvira. Chukua daftari na metre, pima nyumba moja. Msingi umeinuka kiasi gani? Maji ya mabati yanamwagika wapi, kwa jirani? Ile iliyobaki imesimama iko na nini?

Anayeuliza hivyo amekwisha kuanza safari.