Kabuchai: Chemchemi ni safi, mbona mtoto anaugua?

Anayetoka mjini Bungoma kwa matatu kuelekea Chwele hupita kati ya mashamba ya miwa, mahindi na maharagwe hadi macho yakachoka. Mbele yake, upande wa kaskazini, umesimama Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Chini ya mlima huo nchi imelala, ikinyanyuka hapa na kushuka pale bila haraka, na aghalabu kila inaposhuka pana kijito au chemchemi. Hapo ndipo Kabuchai.

Wengi wa wakazi wa miji yetu hulijua jina hilo kwa sababu ya siasa tu. Kabuchai ilipata eneo bunge lake katika uchaguzi mkuu wa 2013, baada ya kumegwa kutoka Sirisia. Siasa tuziache wenyewe. Leo tutazame boma la kawaida la kijiji cha huko, tena kwa jicho la afya, kwani lina mafunzo ambayo wataalamu wa Nairobi, Marekani na Bangladesh wametumia miaka mingi na fedha nyingi kuyatafuta.

Boma lenyewe si kubwa. Kuna nyumba ya mabati, jiko la udongo kando yake, zizi la ng'ombe mmoja au wawili, migomba michache, na nyuma ya migomba choo cha shimo. Babu alikuwa na shamba la kumtosha. Baba aligawana na ndugu zake, na wana nao wamegawana tena. Kwa hiyo nyumba zimesogeleana, na vyoo vimesogelea visima. Kanuni inayofuatwa na mashirika mengi ya misaada husema choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji ya kunywa, na sehemu ya chini ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi. Katika shamba la robo ekari, lenye kisima chake na jirani kila upande, hesabu hiyo ni ngumu kuifanya. Na jirani akiishi upande wa juu wa mteremko, choo chake ni shauri lako pia, upende usipende.

Maji ya bomba ni ya wachache. Walio wengi huteka kwenye visima na chemchemi. Mito nayo ipo, kama vile Kuywa na Chwele, inayotoka Masaba na kuelekea Nzoia hadi Ziwa Victoria. Mito ya huku ina heshima yake. Mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, wakati wa tohara, ni alfajiri kwenye maji ambako kijana wa Kibukusu hupakwa matope kabla ya kukabili kisu. Lakini maji ya kunywa mama wa nyumbani huyatafuta chemchemini akipata nafasi, na ana haki kufanya hivyo.

Chemchemi nyingi za Magharibi zilijengewa zamani. Mradi wa maji wa Kenya na Ufini, uliojulikana sana kwa jina la KEFINCO, ulifanya kazi katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi kuanzia mapema miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, ukichimba visima vya pampu za mkono na kukinga chemchemi. Kazi ya kukinga si ya ajabu. Mafundi huchimba hadi kwenye jicho la maji, wakalaza mawe na kokoto, wakafunika kwa udongo wa mfinyanzi, wakajenga ukuta wa saruji wenye mfereji wa kutokea maji. Upande wa juu huchimbwa mtaro wa kugeuza maji ya mvua, na ua hujengwa ili ng'ombe wasikanyage. Ua ndio huwa wa kwanza kufa. Kuni zikiadimika, nguzo zake huonekana kuwa kuni nzuri.

Je, kukinga huku kunasaidia? Swali hilo lilichunguzwa katika wilaya ya jirani ya Busia na viunga vyake. Kundi la watafiti, akiwemo Michael Kremer ambaye mwaka wa 2019 alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, lilifuatilia chemchemi zipatazo 200, baadhi zikikingwa mapema na nyingine baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011. Uchafu kwenye chemchemi zilizokingwa ulipungua kwa thuluthi mbili hivi. Nyumbani, ndani ya mtungi, uchafu ulipungua kwa takriban robo tu. Kuhara kwa watoto wadogo nako kulipungua kwa karibu robo.

Msomaji, hebu tazama tena tarakimu hizo mbili. Maji yaliondoka chemchemini yakiwa masafi na yakafika mezani yakiwa yamepoteza sehemu kubwa ya usafi wake. Yalipotelea wapi?

Yalipotelea njiani na nyumbani. Mtoto wa miaka tisa anatumwa na mtungi wa plastiki wa lita 20 ambao kifuniko chake kilipotea zamani, na mahali pake pamezibwa kwa jani la mgomba au gunzi la hindi. Ndani ya mtungi mna utelezi wa kijani ambao mkono haufiki kuusugua. Nyumbani maji humwagwa kwenye nyungu, ambayo kwa kweli hupoza maji vizuri, lakini mdomo wake ni mpana. Kila mwenye kiu huchovya kikombe, na pamoja na kikombe huchovya vidole. Aliyetoka zizini huchovya. Aliyetoka kumbadilisha mtoto nepi huchovya. Kufikia jioni nyungu imesalimiana na mikono ya ukoo mzima.

Ndiyo sababu wataalamu walikuja na klorini. Katika vijiji vingi vya Magharibi utaona tangi dogo la bluu juu ya nguzo, karibu na mahali pa kuteka maji. Mtu hufungua, tone la dawa likaingia mtungini, akateka maji na kwenda zake. Akifika nyumbani nusu saa imekwisha na dawa imefanya kazi, na hubaki ndani ya maji ikipambana na vile vidole. Wako wasioipenda kwa ladha yake, na ladha si jambo dogo. Anayekunywa maji ya chemchemi tangu utotoni huijua klorini kabla haijafika kooni.

Hadi hapo ungedhani dawa imepatikana. Kinga chemchemi, tia klorini, jenga choo kizuri, weka sabuni, na mtoto atapona. Basi kati ya mwaka wa 2012 na 2014 watafiti walianza kuandikisha akina mama wajawazito zaidi ya 8,000 katika vijiji vya kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga. Baadhi ya vijiji vilipewa klorini, vingine vyoo vilivyoboreshwa, vingine vifaa vya kunawia mikono kwa maji ya sabuni, vingine vyote hivyo kwa pamoja. Vingine vilipata mafunzo ya kumlisha mtoto, pamoja na siagi maalumu ya njugu, maziwa ya unga, vitamini na madini, ambayo mtoto alilishwa tangu miezi sita hadi miaka miwili. Watoto walifuatwa kwa miaka miwili.

Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2018 katika jarida la The Lancet Global Health, na yaliwaacha wengi vinywa wazi. Kuhara hakukupungua katika kundi lolote. Watoto waliopewa maji safi, vyoo na sabuni hawakurefuka kuliko wenzao. Waliorefuka kidogo, kwa kiasi cha nusu sentimita hivi, ni wale waliopata chakula bora, na kuongeza maji na choo juu ya chakula hakukuzidisha kitu. Zimbabwe, katika utafiti mwingine uliotangazwa mwaka wa 2019, mambo yalikuwa hayo hayo. Ni Bangladesh tu ambako kuhara kulipungua, na huko wahamasishaji walipita nyumba kwa nyumba karibu kila wiki, ilhali huku kwetu walipita kama mara moja kwa mwezi.

Asije mtu akasema basi maji safi hayana maana. Katika utafiti huo huo wa Magharibi, watoto wa nyumba zilizopata klorini walikuwa na minyoo michache. Maambukizi ya minyoo mikubwa ya tumbo yalipungua kwa karibu moja kwa tano. Klorini huua vijidudu vingi, wala haikuacha kufanya hivyo kwa sababu ya utafiti mmoja. Linalojitokeza, kwa maoni yangu, ni kwamba tuliuelekeza macho mlango mmoja wa uchafu tukasahau uani.

Uani mna kuku. Mbukusu bila kuku si Mbukusu; mgeni wa heshima huchinjiwa, na firigisi ina mwenyewe. Soko la Chwele, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika eneo hili, hupokea kuku kutoka kila upande. Usiku kuku hao hulala ndani, jikoni au hata sebuleni, kwa hofu ya wezi na vicheche. Asubuhi mtoto wa miezi minane anatambaa kwenye sakafu ile ile. Anaokota punje, anaokota udongo, anatia kinywani. Watafiti waliokaa na kuangalia watoto wa vijijini katika nchi kadhaa waliona hivyo mara kwa mara, udongo na hata kinyesi cha kuku kikiingia kinywani. Tumbo linalopokea uchafu kila siku huvimba ndani kwa ndani bila hata ya mtoto kuhara, na likishakuwa hivyo halifyonzi chakula ipasavyo. Mama ataapa kwamba mwanawe haugui, na atakuwa anasema kweli, ila mtoto harefuki.

Kuku huyo huyo ana yai. Zamani katika jamii nyingi za Waluhya wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Mwiko huo umefifia, lakini umeacha mazoea: yai ni la kuuza Chwele ili chumvi na sabuni zinunuliwe, au la kuatamiwa. Mtoto anaachiwa uji wa mahindi, tena mwepesi, hasa miezi ya Mei hadi Julai ambapo ghala ni tupu na mahindi mapya hayajakomaa. Uji mwepesi hujaza tumbo la mtoto, na tumbo lake ni dogo kama ngumi yake.

Kuhusu yai tusipige chuku. Huko Ekuador, katika utafiti uliotangazwa mwaka wa 2017, watoto waliopewa yai moja kwa siku kwa miezi sita walirefuka vizuri. Malawi walijaribu, tofauti haikuonekana. Lakini watoto wale waliishi karibu na ziwa na tayari walikuwa wakila samaki. Kwa mtoto wa Kabuchai ambaye hana samaki wa kila siku, yai au kijiko cha omena waliosagwa ndani ya uji ni jambo la busara. Maharagwe yapo shambani, na kunde, mnavu na saga huota hata mahali zisipopandwa.

Isidhaniwe kwamba hakuna lililobadilika. Katika Kenya nzima, watoto waliodumaa walikuwa 35 kwa kila 100 katika uchunguzi wa 2008 na 2009, wakawa 26 mwaka wa 2014, na 18 mwaka wa 2022. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, walipewa mikoba yenye vifaa na kutumwa nyumba kwa nyumba. Hao wakipita kila wiki, kama wenzao wa Bangladesh, wakatazama nyungu, sakafu na sahani ya mtoto badala ya kujaza fomu tu, huenda tukapata jibu tofauti na lile la 2018.

Wewe unayesoma haya ukiwa Nairobi, Eldoret au Mombasa, na utapanda basi kwenda kwenu Desemba, yapo ya kubeba yasiyo ghali: mtungi mpya wenye kifuniko na koki chini, ili watu wafungulie maji bila kuchovya, waya wa ua wa chemchemi, mbao na misumari ya banda la kuku. Mkeka wa kuosha ambao mtoto atatambaa juu yake hauzidi bei ya soda za safari.

Na mtoto akiharisha ukiwa huko, usimnyime maziwa ya mama wala chakula. Chemsha maji hadi yatokote kwa dakika moja, yapoe, kisha katika lita moja tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Onja, yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe kila anapoharisha. Pakiti za chumvi na sukari za hospitali ni bora zaidi, pamoja na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, ambavyo humezwa hadi mwisho hata kuhara kukikoma. Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikarudi polepole, akashindwa kunyonya, au ukiona damu kwenye choo, usingoje asubuhi. Tafuta bodaboda umpeleke hospitali ya Chwele.