Betri Kavu Ikutanapo na Mate

Mama mmoja aliketi mbele yangu kliniki, amempakata mwanawe wa miaka miwili. Kwa siku tatu mtoto alikuwa akitokwa na udenda na kukataa uji, na kwingine alikwisha kupewa dawa ya mafindofindo. Picha ya eksirei ilionesha duara jeupe kwenye umio. "Ni sarafu, daktari?" aliuliza. Ilikuwa betri ya rimoti.

Betri tuiitayo kavu si kavu. Mwaka 1886 Carl Gassner, naye daktari, Mjerumani, alipata hataza ya betri isiyomwagika: kikopo cha zinki chenye majimaji ya chumvi ya amonia yaliyogandishwa kwa plasta, ile ile tunayofungia mifupa iliyovunjika. Jiwe la tochi la kawaida, lenye volti 1.5, bado ni mjukuu wake. Zinki huachia elektroni, nazo hupita kwenye waya na globu, kisha huingia upande wa pili kupitia kijiti cha kaboni. Njia hiyo isipokamilika, betri hukaa kimya.

Betri bapa mithili ya kifungo hufuata kanuni hiyo hiyo. Iliyozoeleka zaidi ni ya lithiamu: volti 3, upana milimita 20. Imo ndani ya rimoti, vipimajoto, mizani, vidoli, hata mashine za kupimia sukari tunazowapa wagonjwa wetu waende nazo nyumbani.

Ikikwama kwenye umio, mate na utando wa mwili huwa ndio waya. Wengi hudhani madhara hutokana na asidi kuvuja. Sivyo. Umeme huyavunja maji yaliyomo mwilini, na upande hasi wa betri hujikusanya alkali kali inayounguza nyama. Saa 2 zatosha. Hata betri ikishatolewa, kidonda chaweza kutoboka siku au wiki kadhaa baadaye, kuelekea njia ya hewa au mshipa mkuu wa damu. Mtoto akitapika damu, hata kidogo, arudishwe mara moja.

Wenzangu mnaosoma picha, itazameni vyema kabla ya kutamka "sarafu". Betri huwa na kingo mbili, duara ndani ya duara, na ikipigwa ubavuni huonesha kidato. Msimtapishe mtoto. Ikiwa amezidi mwaka mmoja, anaweza kumeza na saa 12 hazijapita, apewe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara sita, huku safari ya hospitali ikiendelea. Asali haiitoi betri. Hupunguza tu makali ya alkali. Asisubiriwe kupata choo.

Betri tuliitoa usiku ule, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Alilishwa kwa mpira wiki nyingi. Mama alinieleza kwamba ilikuwa imekwisha, ndiyo maana aliiacha dirishani. Kwa rimoti, kweli ilikwisha. Lakini maji huanza kuvunjika kwa volti 1.23 tu, na betri ile tulipoipima ilikuwa bado na zaidi ya 2.