Baa mpya mtaani: leseni kwanza
Habari za baa mpya huenea mtaani kabla hata rangi ya ukuta kukauka: itachoma nyama, itauza bia za kila aina, za chupa na za pipa. Wenye hamu hawana kosa, ila kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa lazima leseni ipatikane.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la kutoa leseni za vileo. Kibali cha biashara ya mkahawa pekee hakitoshi, na anayetaka kutengeneza bia yake mwenyewe huhitaji leseni nyingine. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni.

Majina ya waombaji hubandikwa hadharani. Hapo ndipo mkazi mwenye pingamizi, pengine mzazi ambaye mtoto wake hupita hapo kila asubuhi, huiandikia barua kamati ya leseni ya kaunti ndogo. Kulalamika baada ya muziki kuanza huwa kugumu zaidi.

Naye mnywaji akague stempu ya KRA kwenye chupa, kwa simu, kupitia programu ya Soma Label. Chupa isiyo na stempu irudishwe kaunta.