Nywele Zinyonyokazo Chini ya Ushungi

Ushungi humsitiri mwanamke, lakini waweza pia kuficha dalili ya upungufu mwilini. Nywele za mama huweza kunyonyoka miezi mingi bila jamaa zake kujua, naye akadhani ni jicho la hasidi au akabadili mafuta kila wiki. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, basi ipimwe damu.

Kupukutika nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Zikizidi, sababu mojawapo yaweza kuwa uhaba wa madini ya chuma, ambayo hupungua kwa hedhi nzito, mimba na uzazi. Kipimo cha wingi wa damu chaweza kuonyesha hali njema ilhali akiba ya chuma imekwisha. Kwa hiyo daktari aulizwe kuhusu kipimo cha feritini. Maradhi ya tezi ya shingo nayo huleta hali kama hiyo. Vidonge visimezwe kwa kubahatisha, kwani chuma kikizidi hudhuru.

Nyama nyekundu, dagaa, maharage na mchicha huongeza chuma, hasa vikiliwa pamoja na ndimu au chungwa. Chai isiandamane na chakula, kwani huzuia chuma kisifyonzwe. Kisha subira: nywele huchukua miezi kurejea.

Nanyi waume, tunawakumbusha. Katika nyumba nyingi mama huwapakulia wote nyama, yeye akabakiwa na mchuzi. Mke ni amana. Sahani yake nayo itazamwe.