Pikipiki Kuukuu za Spoti: Tengeneza Breki Kabla ya Kuongeza Mwendo

Wamiliki wa pikipiki za spoti za miaka ya nyuma wanaozitengeneza nyumbani wanashauriwa kuanza na breki, tairi na cheni kabla ya kugusa eksozi au kutafuta njia ya kuongeza mwendo. Ushauri huu unajulikana, lakini wengi huufuata kinyume: eksozi mpya hufungwa wiki ya kwanza, na mafuta ya breki hayabadilishwi kamwe.

Sababu ya ushauri huu ni nguvu ya pikipiki zenyewe. Bodaboda ya kawaida ya cc 100 hutoa takriban nguvu 8 za farasi. Honda CBR600F, iliyoanza kuuzwa mwaka 1987, ilikuwa na zaidi ya 80. Yamaha YZF-R6 ya mwaka 1999 ilitangazwa kuwa na takriban 120. Leo pikipiki hizo zina zaidi ya miaka 20 na nyingi zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Injini huenda bado iko imara, lakini mpira, mafuta na nyaya huzeeka hata pikipiki ikiwa imeegeshwa. Kwa hivyo pikipiki inaweza kukimbia kama zamani lakini isisimame kama zamani.

BREKI

Mafuta ya breki aina ya DOT 4, yanayotumika katika nyingi ya pikipiki hizi, huvuta unyevu kutoka hewani. Yakishaingia maji, huchemka upesi. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto, mvuke hujaa ndani ya paipu, na mkono wa breki hufika hadi kwenye mpini bila pikipiki kupunguza mwendo.

Mafuta haya hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, muda wake umepita. Aina inayofaa huandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake juu ya mpini. DOT 5 hutengenezwa kwa silikoni na haichanganywi na DOT 4, ingawa namba zinakaribiana. Yatumike mafuta ya mkebe uliofunguliwa siku hiyo, na yakimwagikia rangi ya pikipiki yaoshwe mara moja kwa maji.

Paipu za mpira zenye nyufa hubadilishwa, na vivyo hivyo pedi zilizobaki nyembamba. Kazi ikiisha, mkono wa breki uwe mgumu unapobanwa, na majaribio ya kwanza yafanywe ndani ya ua kwa mwendo wa kutembea. Asiyewahi kutoa hewa kwenye breki aifanye kazi hiyo mara ya kwanza akiwa na fundi.

TAIRI

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4 zinazoonyesha lilipotengenezwa. Tarakimu 2316, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na meno yote lakini mpira wake umekuwa mgumu na haushiki barabara, hasa wakati wa mvua. Likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka 10 litolewe hata kama linaonekana jipya. Wanunuzi wa tairi za mitumba wasome tarakimu hizo kabla ya kulipa.

CHENI

Cheni iliyolegea inaweza kuruka na kukaza gurudumu la nyuma ghafla. Iliyokazwa kupita kiasi huharibu bearingi. Katika pikipiki nyingi za spoti, cheni ikisukumwa juu na chini katikati ya sproketi mbili husogea kati ya milimita 25 na 35. Kipimo kamili huwa kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko kilicho karibu na gurudumu la nyuma. Pima sehemu kadhaa. Ikiwa imelegea hapa na kukaza pale, cheni imechakaa na hubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili.

Kwa kusafisha, mafuta ya taa na brashi laini vinatosha. Petroli haifai kwa sababu huharibu vipete vya mpira vilivyomo ndani ya cheni. Baada ya kufuta, pakwa mafuta ya cheni. Kwenye barabara za vumbi kazi hii hurudiwa mara kwa mara. Injini iwe imezimwa na gurudumu lizungushwe kwa mkono, kwani cheni inayozungushwa na injini hukata vidole.

OILI, KABURETA NA CHAJI

Klachi ya pikipiki hizi hufanya kazi ndani ya oili ya injini. Oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano inaweza kuifanya iteleze: injini hupiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Oili inayofaa huwa na alama ya JASO MA au MA2 kwenye mkebe.

Pikipiki iliyokaa miezi mingi na ambayo huzima mara resi inapoachiwa, mara nyingi huwa na jeti za kabureta zilizoziba kwa petroli iliyoharibika. Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa ya pampu. Kuzitoboa kwa waya hupanua tundu, na pikipiki huanza kunywa mafuta.

Betri za mara kwa mara zikifa, kagua chaji kabla ya kununua nyingine. Injini ikiwa kwenye resi ya wastani, mita isome takriban volti 13.5 hadi 14.5 kwenye betri. Ikizidi 15, rektifaya imeharibika na itaunguza betri mpya pia.

MABADILIKO

Baada ya hayo, pikipiki iko tayari kubadilishwa. Mabadiliko yenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni paipu za breki zenye wavu wa chuma, pedi bora na oili mpya kwenye foki za mbele.

Kuweka sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu huifanya pikipiki ichangamke inapoondoka, lakini hupunguza mwendo wake wa juu, na katika aina nyingi spidomita huanza kudanganya. Eksozi ya wazi kwenye pikipiki ya kabureta hubadilisha uwiano wa hewa na petroli. Bila jeti kurekebishwa, injini inaweza kupata joto kupita kiasi na kuharibu vali au pistoni. Kuondoa vioo, indiketa na madigadi hakuongezi chochote ila hatari.

SHERIA

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele. Zaidi ya hayo, kuna kanuni za kitaifa za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo chini ya sheria ya mazingira. Eksozi inayoamsha wagonjwa na watoto usiku ni suala la sheria, si la ladha ya mwenye pikipiki. Mabadiliko ya rangi au injini huarifiwa NTSA ili kumbukumbu zilingane na pikipiki yenyewe, na kampuni ya bima ielezwe mabadiliko makubwa kabla ya ajali, si baada yake.

USALAMA NYUMBANI

Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Petroli isiwekwe karibu na jiko wala kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kunywa. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro au shambani. Ihifadhiwe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwa gereji inayokusanya.

Mwenye bajeti ndogo agawe matumizi yake kwa utaratibu huohuo: mafuta na pedi za breki kwanza, kisha tairi, kisha cheni. Eksozi inaweza kusubiri mwezi mwingine. Breki haziwezi, kwa kuwa mtoto anayevuka barabara hatapata nafasi ya kuuliza pikipiki ilitengenezwa lini.