Kranki Kuukuu na Mkono wa Fundi

Sisi wa Visiwani tunapoutaja Mkoa wa Singida, aghalabu tunautaja kwa alizeti, vitunguu na kuku wake. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba alizeti hiyo hukamuliwa, na vitunguu hivyo husafirishwa, kwa mashine ambazo baadhi yake zina umri mkubwa kuliko vijana wanaoziendesha. Leo tungependa kuzungumzia kiungo kimoja tu cha mashine hizo, kisichoonekana na mpita njia, lakini ambacho kikiharibika, kazi yote husimama. Kiungo hicho ni kranki.

Singida ni nchi ya majabali, upepo na vumbi. Tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 1963, na hata kabla yake, barabara zake zimepitwa na Land Rover na malori ya Bedford, na mashine zake za kusaga na kukamua nyingi zimekuwa za dizeli za namna ya Lister. Watengenezaji wa awali wa vyombo hivyo wameacha kuvitengeneza. General Motors iliachana na malori ya Bedford mwaka 1986. Lister ya mwendo wa taratibu, iliyoanza kuundwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930, ilikomeshwa huko mwaka 1987, ingawa mafundi wa Rajkot, India, waliendelea kuunda za mfano huo. Mwenye chombo kikongwe basi ana njia mbili: akitupe, au amtafute fundi wa kukifufua.

Kranki ndiyo inayogeuza mwendo wa pistoni, wa kupanda na kushuka, ukawa mwendo wa kuzunguka. Imeundwa kwa shingo za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi, na katikati yao hupita utando wa mafuta ulio mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio ulinzi wote. Vumbi la Singida likipenya kwenye chujio lililochakaa na kuingia katika mafuta, hugeuka kuwa msasa. Shingo iliyokuwa duara kamili huanza kuwa na umbo la yai, mkandamizo wa mafuta hushuka, na injini huanza kugonga. Dereva asiyejali husema itafika tu. Kwa kweli hufika, lakini ikiwa imevutwa kwa kamba.

Tiba yake ni kuikereza upya, na hapo ndipo ustadi unapopimwa. Fundi hodari haanzi kwa kukata chuma. Huanza kwa kupima. Huipima kila shingo kwa mikrometa pande mbili, na huitazama kranki yote kama imepinda. Huipangusa kwa mafuta ya taa, akaikausha na kuipaka unga wa chaki, kisha akangoja: penye ufa, mafuta hurudi kutoka ndani na kuchora mstari juu ya weupe. Akiridhika, huifunga katika mashine na kuisaga kwa jiwe mpaka kipimo kinachofuata. Vipimo hivyo hushuka kwa hatua ya elfu kumi za inchi, yaani robo ya milimita. Mafundi huzitaja kwa ufupi: kumi, ishirini, thelathini, arubaini. Baada ya arubaini, ambayo ni milimita moja na chembe ya ujani iliyokwisha kuondolewa, kranki nyingi huwa hazina tena nyama ya kutolewa. Kila kosa la kupima, kwa hiyo, ni kula akiba ambayo hairudishwi.

Liko jambo la hatari zaidi. Kona iliyo kati ya shingo na shavu la kranki haina budi kuachwa na mviringo wake. Fundi mwenye haraka akiiacha kali kama pembe ya sanduku, hapo hapo ndipo ufa utakapozaliwa. Kranki ya Land Rover ya lita mbili na robo iliyoundwa kabla ya 1980 hushikwa na beringi kuu tatu tu, wakati zile za baadaye zina tano. Ya zamani hunyumbuka zaidi, na haisamehe kona mbaya. Tuwaze gari kama hilo, limejaa abiria na magunia, likipanda mlima Sekenke katika Wilaya ya Iramba. Kranki ikikatika pale, injini huzima mara moja, na gari zito hubaki mteremkoni likitegemea breki peke yake. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, asiyeuona ufa huenda akachimba kaburi.

Wako watakaosema kwamba kazi nyeti ya namna hii si ya mikoa ya bara. Historia inawakanusha. Dhahabu ya Sekenke hiyo hiyo ndiyo iliyopigwa sarafu za rupia kumi na tano mwaka 1916 katika karakana ya reli ya Tabora, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita. Baada ya Uhuru, Taifa letu lilianzisha SIDO mwaka 1973 ili viwanda vidogo vifike kila mkoa. Karakana zilizotokana na ujenzi wa Reli ya Uhuru zikawa kiwanda cha Mang'ula, na huko Moshi kikajengwa kiwanda cha zana za mashine kwa msaada wa Bulgaria. Fedha za kigeni zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wetu waliyaweka magari barabarani kwa kukereza na kuunga. Ustadi ulikuwapo. Kilichopungua baadaye ni malezi yake.

Nasi wa Visiwani tusijione tuko mbali. Magari yetu ya abiria yenye mabodi ya mbao yalijengwa juu ya malori yale yale ya Bedford, na injini nyingi za malori zimemalizia umri wao ndani ya majahazi. Huko Singida adui ni vumbi. Huku kwetu ni chumvi. Injini ikizima katikati ya mkondo, hapana kando ya barabara ya kuegesha.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wanaohusika, Bara na Zanzibar. Kwanza, vyuo vya VETA na vya Mafunzo ya Amali viufundishe upimaji kwa uzito ule ule wa ukerezaji, na kila mwanafunzi aishike mikrometa kwa mkono wake. Pili, kila mkoa uwe na angalau mashine moja nzima ya kusagia kranki, yenye fundi anayelipwa vyema, ili mkulima wa Mkalama asilazimike kuisafirisha kranki yake mpaka Dar es Salaam wakati wa mavuno. Tatu, kila karakana imwandikie mteja kipimo ilichokata, ili fundi wa kesho ajue akiba iliyosalia.

Hatusemi kwamba kila kikongwe kihifadhiwe. Kilichochoka kiende kwenye chuma chakavu. Lakini mashine inayomsagia mama unga na kumkamulia mkulima mafuta isihukumiwe kifo kwa kukosa robo ya milimita ya kazi safi.