Je, Wajua? Mkemia Aliyempelekea Goethe Paka

Je, wajua kwamba kafeini iligunduliwa kwa sababu ya paka? Aliyeitoa kwenye kahawa kwa mara ya kwanza ni Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, aliyezaliwa mwaka 1794 huko Billwerder, jirani na Hamburg.

Ujanani alipelekwa Lübeck kujifunza kazi kwenye duka la dawa. Siku moja, akiwa anatayarisha dawa ya mmea wa beladona, tone la utomvu likamrukia jichoni. Mboni ikatanuka, akawa haoni vizuri. Mwingine angenawa uso yakaisha. Runge akataka kujua kilichomo ndani ya mmea ule, na akagundua kuwa upo mmea mwingine wa jamii hiyo unaofanya vivyo hivyo. Inasimuliwa kwamba rafiki yake mmoja aliyekuwa akitakiwa jeshini kwa Napoleon alitiwa matone hayo machoni, wakaguzi wakamwona kipofu, wakamwachia aende zake. Dawa ilipokwisha nguvu, macho yakarudi kama kawaida.

Baadaye alikuwa mwanafunzi Jena, chini ya mkemia Johann Wolfgang Döbereiner. Habari za majaribio yake zikamfikia Johann Wolfgang von Goethe, mshairi mkubwa wa Kijerumani, ambaye pia alikuwa waziri na mpenzi wa sayansi. Goethe akasema anataka kuona kwa macho yake. Basi Oktoba 1819 Runge akaazima koti la heshima na kofia ndefu, akakatiza mjini huku amekwapata paka, na wanafunzi wenzake, ambao walishampa jina la Daktari Sumu, wakipata cha kuchekea.

Jicho moja la paka lilikuwa limetiwa dawa. Mboni yake ilikuwa imefunguka pana, ile ya pili imebaki mstari mwembamba. Goethe alipendezwa mno. Akachukua kisanduku cha buni, zawadi adimu aliyoletewa, akampa kijana huyo akamwambia achunguze na hizo. Runge akaaga kwa furaha, nusura amwache paka wake nyuma. Mwenye nyumba ndiye aliyemkumbusha.

Haukupita muda mrefu, akapata fuwele nyeupe, chungu. Ndiyo kafeini. Alikuwa na umri wa miaka 25. Leo tunajua kwamba buni za arabika zina kafeini kiasi cha asilimia 1 na ushee ya uzito wake, na robusta karibu mara mbili ya hapo. Wazee wa Bukoba wanaotafuna buni za robusta zilizochemshwa hawakumhitaji mkemia awaambie kwamba zinachangamsha. Runge alichofanya ni kukitenga hicho kinachochangamsha, kikakaa peke yake kwenye kisahani.

Na yule paka hakuwa mchezo. Wakati ule ilikuwa kazi ngumu kuthibitisha kwamba mtu amelishwa sumu ya mmea. Runge alionyesha kwamba jicho la paka linaweza kutoa ushahidi hata sumu ikiwa kidogo sana.

Je, wajua kwamba mwaka uleule wa 1819 alichambua pia magome ya mkwinini? Wapo wanaoamini kwamba aliitoa kwinini kabla ya Wafaransa Pelletier na Caventou, ambao waliitangaza mwaka 1820 na sifa yote ikawa yao.

Hiyo haikuwa mara ya mwisho. Baada ya kufundisha Breslau, Runge aliajiriwa katika kiwanda cha kemikali huko Oranienburg, kaskazini ya Berlin, kilichokuwa ndani ya jumba la zamani la kifalme. Huko akaanza kuchokonoa lami ya makaa ya mawe, takataka nyeusi yenye harufu kali iliyobaki baada ya kutengeneza gesi ya taa. Mwaka 1834 akatangaza alichokuta humo. Kimojawapo ni asidi ya karboliki, yaani fenoli, ambayo daktari Joseph Lister alianza kuitumia kuua vijidudu kwenye vidonda mjini Glasgow mwaka 1865. Kingine ni anilini, iliyogeuka buluu ikichanganywa na chokaa ya klorini.

Aliona wazi kwamba hapo pana rangi za nguo. Wakubwa wa kiwanda wakakataa. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, akapata rangi ya zambarau kutokana na anilini, na utajiri ukaanza kumiminika. Herufi A katika jina la kampuni ya BASF, iliyoanzishwa 1865, ni ya anilini. Kwa maoni yangu, uamuzi wa wakubwa wale ni miongoni mwa hasara kubwa ambazo ofisi imewahi kujitakia.

Runge mwenyewe aliachishwa kazi mwaka 1852. Hakuoa. Alimalizia uzee kwa kuandika barua za maarifa ya nyumbani: namna ya kuondoa madoa ya kutu, kutengeneza divai ya matunda. Alifariki Oranienburg tarehe 25 Machi 1867, akiwa maskini.

Je, wajua, mwisho, kwamba kitabu chake cha mwaka 1855 hakina nakala mbili zinazofanana? Alidondosha kemikali kwenye karatasi ya kukaushia wino, zikasambaa zikijichora zenyewe duara za rangi, na karatasi halisi zikabandikwa kitabuni. Njia ya kutenganisha kemikali kwa karatasi ilikuja kukamilishwa mwaka 1944, na Archer Martin na Richard Synge wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952 kwa kazi iliyoizaa. Ukitaka kuiona, chora alama nene kwa kalamu nyeusi ya wino wa maji katikati ya karatasi laini ya jikoni, dondoshea maji tone moja moja, kisha uwaulize watoto ule weusi ulikuwa na rangi ngapi.